Jina Lililo Kwenye Patasi
(Hotuba ya walimu katika Siku ya Wakimbizi, Nakivale)



Sisi walimu tumepewa nafasi tuseme machache juu ya useremala. Tutasema juu ya vifaa tu. Viti na meza mmekwisha kuviona pale kwenye maonyesho, na havihitaji hotuba.

Katika sanduku la karakana zimo patasi kuukuu zilizonunuliwa Mbarara. Ukisugua kutu karibu na mpini utasoma maneno mawili: Marples, Sheffield. Vijana hutuuliza, huyo Marples ni nani?

Ni ukoo wa mafundi wa Uingereza. Baba alitengeneza vifaa vya maseremala, mwanawe William akajifunza kwake, na mwaka 1828 akaanzisha kazi yake mwenyewe. Mwaka 1860 wana wa William nao wakaingia, na kampuni ikaitwa William Marples na Wanawe. Walitoa randa, keekee, patasi na vifaa vya kuchorea mistari. Alama yao ilikuwa jani la sehemu tatu, lile la Ireland.

Wakati huo Sheffield ilikuwa imekwisha kuwa mji wa feleji. Miaka ya 1740 mtengeneza saa mmoja, Benjamin Huntsman, alipata njia ya kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo ili iwe safi na ya namna moja. Mito ya pale ilizungusha mawe ya kunolea. Mafundi wengi walifanya kazi katika vyumba vidogo vya kupanga: huyu anafua, yule ananoa, mwingine anatia mpini. Wanoaji wengi walikufa mapema kwa vumbi la mawe lililoingia mapafuni. Vijana, tukiwaambia mfunge kitambaa mdomoni, msituone wasumbufu.

Na ile jiriwa ya Record iliyofungwa kwenye meza yetu? Hiyo pia ni ya Sheffield, ya Charles na Joseph Hampton, walioanza mwaka 1898. Mwaka 1931 wakaanza na randa za chuma, ambazo ndugu zetu wa Kivu huziita raboti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Record na kampuni nyingine, Ridgway, zikainunua Marples nusu kwa nusu. Mwaka 1972 zote zikaungana, na mwaka 1998 zikaenda kwa wenye mali wa Marekani. Ukoo ulitoka, lakini jina bado linapigwa kwenye patasi mpya.

Msidhani kwamba chuma kilizaliwa Ulaya. Kusini yetu, ng'ambo ya mto Kagera, watu waliyeyusha chuma katika tanuru za udongo yapata miaka 2,000 iliyopita. Hapa Ankole pia wahunzi walirithishana kazi, baba kwa mwana, na mivuo yao ya ngozi.

Sasa tuseme jambo lililotuleta. Mgao wa chakula ulipopunguzwa hadi asilimia 70 mwaka 2020, kisha 60 mwaka 2021, masanduku mengi ya vifaa waliyopewa wahitimu yalipanda gari kwenda Mbarara kuuzwa. Hatuwalaumu. Baba mwenye watoto watano hawezi kuwapikia randa. Lakini aliyeuza patasi aliuza na kazi ya mwaka uliofuata, na leo anabeba matofali ya watu. Shirika likileta masanduku mengine kwa namna ileile, nayo yatapanda gari lilelile siku ya njaa.

Kwa hiyo tunaiomba Kamati, na wageni wetu mtusikie: kabla ya masanduku 30, tupatieni tanuru moja, fuawe moja, tupa na mawe ya kunolea. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Vifaa tutavitengeneza, vingine viwe vya kuazima kwa daftari, mali ya karakana, visiuzwe na mtu mmoja.

Inawezekana. Fundi wetu wa Kirundi ametuonyesha patasi aliyoifua kutokana na springi ya gari bovu. Anaipasha moto hadi iwe nyekundu, na sumaku ikikataa kuishika, anaitumbukiza katika mafuta. Hapo inakuwa ngumu mno, ukiigonga inavunjika kama chupa. Basi anaing'arisha kwa msasa na kuipasha tena polepole, akitazama rangi. Ikifika rangi ya asali, anaiondoa upesi. Akichelewa ikawa ya buluu, makali yatapinda kwenye mbao ngumu. Wasomi wana vipimo vya joto. Yeye ana macho, na tumeona patasi zake zikichimba matundu ya milango bila kupoteza makali.

Kiwiliwili cha randa anakichonga kwa mbao ngumu iliyokauka vizuri. Mbao mbichi hujikunja, na randa iliyojikunja haina dawa. Hata Waingereza walianza na randa za mbao, tena waliacha magogo yakauke miaka.

Wazazi wengine wametuambia kwamba mtoto aliyesoma asishike nyundo ya mhunzi. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Anayejua hesabu za pembe ndiye atakayetengeneza guni iliyo sawa, na guni zinazouzwa sokoni nyingi zimepinda.

Jumamosi hii saa nane mchana fundi atakuwa nyuma ya darasa la sita. Anayetaka kujifunza aje na kipande cha springi na gunia la mkaa. Mama zetu pia mnakaribishwa, na wasichana wasibaki nyuma.