Kengele Moja Haitoshi: Kuandaa Shule na Familia za Amukura kwa Majanga ya Asili

Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, Tanzania. Watu wasiopungua 17 walifariki. Mjini Bukoba, shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa. Mtikisiko huo ulisikika hata magharibi mwa Kenya.

Hata hivyo, kwa Amukura, katika kaunti ya Busia, tetemeko si tishio la kwanza. Radi ndiyo inayorudi kila msimu wa mvua. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, katika Shule ya Msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu Juni 2011. Kusini mwa kaunti hiyo ya Busia, Mto Nzoia umevunja kingo zake mara kadhaa na kuwahamisha wakazi wa Budalang'i. Nao mteremko wa Mlima Elgon uliporomoka Machi 2010 na kufukia kijiji cha Nametsi, Bududa, Uganda. Waliofukiwa ni pamoja na wanafunzi waliokuwa wamejikinga na mvua katika kituo cha afya.

Majanga haya hayana njia moja ya kuyakimbia. Kengele inayowatoa wote mbio hadi uwanjani inafaa kwa moto. Radi inapopiga, uwanja na kivuli cha mwembe ndipo penye hatari. Wanafunzi wanatakiwa kubaki ndani, mradi jengo lina chuma cha kupeleka umeme ardhini. Runyanya iliwekewa kinga hiyo baada ya msiba. Kwenye tetemeko, mtoto hujikunyata chini ya dawati hadi mtikisiko utulie, ndipo atoke na kukaa mbali na kuta. Kwenye mafuriko, kinachookoa ni kuondoka mapema kuelekea mwinuko, bila kuvuka kijito kilichofurika.

Mkanyagano nao huua. Februari 2020, wanafunzi wasiopungua 13 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walipoteza maisha walipokanyagana kwenye ngazi wakitoka madarasani.

Familia zina sehemu yao. Mzazi aliye sokoni Malaba au kwenye foleni ya malori mpakani hatafika upesi, na simu huenda zisishike. Kila nyumba iafikiane mapema ni jirani gani atamchukua mtoto, na jina hilo liandikwe kwenye rejista ya darasa. Mtoto asiachiliwe kwa mtu mwingine yeyote.

Makala haya yanapendekeza bodi za shule zichague milio mitatu tofauti: kubaki ndani, kuingia chini ya dawati, na kutoka kwa mstari. Mzee wa kijiji na viongozi wa Nyumba Kumi waijue pia. Zoezi la kwanza lifanyike kabla ya mvua za Machi, wazazi wakiwepo, na kila mwalimu wa darasa awahesabu wanafunzi wake kwa majina.