Bustani Haingoji Kiangazi

Hotuba ya Mwenyekiti katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu viongozi wa kata na mtaa,
Wanachama wenzetu, na nyote akina mama na akina baba mliotuunga mkono,



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi tukiwa pamoja. Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii mtazisoma kwenye taarifa ya Mweka Hazina. Sisi tunapenda kujibu swali linaloulizwa karibu kila mkutano: hii brokoli, pamoja na jamaa zake kabichi, koliflawa na sukuma wiki, ipandwe lini hapa kwetu Bariadi?

Jibu ni fupi. Mbegu kitaluni mwanzoni mwa mwezi wa nne, miche bustanini mwezi wa tano, kula mwezi wa saba na wa nane. Sasa tueleze sababu.

Brokoli ni mboga ya baridi. Kile kichwa tunachokula ni maua ambayo hayajachanua. Joto likizidi, kichwa kinabaki kidogo, au maua yanachanua upesi yakawa ya manjano, na hapo utamu umekwisha. Wenzetu wa Lushoto wanaye rafiki, baridi ya milimani. Sisi milima ile hatuna, lakini tunao usiku wa mwezi wa sita na wa saba, ule wa kutafuta blanketi. Kichwa kikue wakati huo.

Kwa hiyo, akina mama, tuhesabu kurudi nyuma. Tangu kuhamisha mche mpaka kuvuna ni siku 60 hadi 90, kufuatana na aina ya mbegu. Kitaluni mche unakaa wiki nne hadi tano, mpaka uwe na majani manne au matano. Ukitaka kichwa mwezi wa saba, vidole vyako vinaishia mwezi wa nne. Tena mwezi wa nne mvua bado ipo, kitalu kinajinywesha chenyewe. Mvua ikikatika mwezi wa tano, mche umeshashika ardhi.

Wako wanaopanda mwezi wa nane, na sababu yake tunaijua. Mwaka 2018, 2019 na 2020 Nane Nane ya kitaifa ilifanyika hapa hapa kwetu Nyakabindi. Watu walitazama mboga zimestawi, wakatamani, wakanunua mbegu. Lakini mboga nzuri ya tarehe 8 Agosti haikupandwa Agosti. Mbegu ya mwezi wa nane inahamishwa mwezi wa tisa, jua kali, kisima kimeshuka, na kichwa kinakuja kufunga joto likiwa juu. Mbegu nunua, hakuna ubaya, ila iweke mahali pakavu pasipo na joto na uangalie tarehe ya mwisho kwenye pakiti.

Na mwezi wa kumi na moja je? Hapo mama yuko shambani na pamba na mahindi, hana mikono miwili mingine. Isitoshe, mvua ikishika, mlenda, mgagani na mchicha vinaota vyenyewe. Shida ya mboga haiko masika, iko kiangazi, nsansa ikianza kuisha ndani ya chungu.

Sasa maji, maana hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Anzeni na mashina 40 tu. Ukiacha sentimita 45 kati ya shina na shina na 60 kati ya mistari, yanaenea kwenye mita nne kwa tatu. Mche mchanga ukiupa nusu lita, ndoo moja ya lita 20 inatosha yote arobaini. Ukikua utahitaji ndoo mbili. Mwagilia asubuhi au jioni, funika udongo kwa nyasi kavu. Samadi tunayo, ng'ombe hawajatupungukia; itumike iliyooza vizuri. Kwenye udongo wa mbuga inua tuta maji yasituame. Kwenye luseni ongeza samadi, maana mchanga haushiki maji. Kila asubuhi geuza majani utafute viwavi na wadudu mafuta, uwaue kwa mkono. Na mwaka unaofuata usirudishe kabichi wala jamaa zake kwenye tuta lile lile. Weka maharage au vitunguu.

Brokoli yenyewe panda mashina machache ya kula nyumbani, maana soko lake hapa bado ni la wachache. Ukikata kichwa cha kwanza using'oe shina, vitachipua vichwa vidogo pembeni, na majani yake yanapikwa kama sukuma wiki. Ya kuuza iwe kabichi.

Ndugu wanachama, haya si mambo ya jikoni peke yake. Tuseme mama ananunua mboga ya shilingi 500 kila siku. Kwa siku 90 za kiangazi ni shilingi 45,000. Hizo ni hisa zinazoliwa sokoni, na ndicho kipindi ambacho wengi wanakuja kwenye kikao mikono mitupu.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo mbele ya mkutano huu: mkopo mdogo wa bustani utolewe mwezi wa tatu, si mwezi wa saba. Mwezi wa tatu fedha hiyo inanunua mbegu, na marejesho yanaanza kabichi zikiuzwa. Mwezi wa saba fedha hiyo hiyo inanunua mboga ya mtu mwingine, ikaliwa, na deni likabaki. Tunaomba mlijadili, na wanaokubali wanyooshe mikono leo hii, ili Machi ikifika Mweka Hazina awe tayari.