Faini ni ya Serikali, mguu ni wako!

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa Bukoba na Muleba. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwepo.)

Ndugu zangu vijana, wewe uliyesimama hapa na wewe utakayeyasoma haya gazetini ukiwa kijiweni Kashai, stendi ya Muleba au mwaloni Kemondo: leo sikuja na porojo za majukwaani. Nimekuja na swali moja tu. Gari la mtu likikuvunja mguu kesho, nani atakulipa?

Nikiuliza swali hili vijiweni, jibu ni lile lile: "Kesi iko polisi." Basi kijana analala wodini, anasubiri. Anatoka na magongo, anasubiri. Siku moja anasikia dereva alifikishwa mahakamani, akakiri kosa, akatozwa faini, akarudi barabarani. Kijana anauliza: "Na mimi je?" Anaambiwa kesi imekwisha!

Hapo ndipo walalahoi wengi tunapoachwa kwenye mataa. Sikiliza vizuri. Kesi ile haikuwa yako. Ilikuwa ya Jamhuri dhidi ya dereva, na wewe ulikuwa shahidi tu. Faini imeingia serikalini, mguu umebaki na wewe. Ni kweli hakimu katika kesi ya jinai ana uwezo wa kuamuru ulipwe fidia, lakini usilale mlango wazi ukitegemea hilo. Fidia ya mguu wako ina kesi yake, nayo inaitwa kesi ya madai. Unaifungua wewe mwenyewe, dhidi ya dereva na mwenye gari. Usipoifungua, hakuna mkubwa yeyote atakayekufungulia.

Utasema: "Dereva mwenyewe hana kitu, nitamdai nini?" Ndugu yangu, sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, inakataza chombo cha moto kutembea barabarani bila bima ya kulinda watu wengine. Bima hiyo haikuwekwa kwa ajili ya bati la gari. Imewekwa kwa ajili yako wewe uliyegongwa ukivuka barabara Rwamishenye. Ukishinda kesi dhidi ya mwenye gari, na kampuni ya bima ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati, kampuni ndiyo inayobanwa kulipa. Kwa hiyo siku ya ajali, wewe au ndugu yako andikeni namba ya gari au ya pikipiki. Kwa namba hiyo, bima huweza kuhakikiwa katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wetu wenyewe. Tuseme wewe ni mbeba mizigo, umegongwa njia ya kwenda Kamachumu. Siku ya tatu mwenye gari anakuja hospitali na wazee wawili na bahasha. "Waitu, sisi ni ndugu, tuyamalize kindugu." Ndani ya bahasha mna laki mbili, na pembeni kuna karatasi. Mama yako amekwishauza mbuzi kwa ajili ya dawa, na hiyo laki mbili inang'aa kama taa ya karabai. Unasaini. Karatasi ile inasema umelipwa na huna madai tena. Baada ya miezi minne daktari anasema mguu umeunga vibaya, unatakiwa upasuaji mwingine. Utamwendea nani?

Sisemi ukatae undugu, wala sisemi ukatae pesa ya dawa. Pokea, lakini iandikwe kwamba ni sehemu ya gharama za matibabu na kwamba madai mengine yako palepale. Usisaini karatasi ya kumaliza mambo kabla daktari hajasema ulemavu wako ni kiasi gani. Na wakikuletea karatasi ya Kiingereza wakati wewe hukielewi, iache hapohapo kitandani mpaka mtu unayemwamini aisome.

Mkoa wetu unajua bei ya kukosa karatasi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imetokea huku kwetu na kupitia Kemondo. Mamia ya watu walikufa, na mpaka leo idadi yao inabishaniwa. Kwa nini inabishaniwa? Kwa sababu abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, lakini wale wa daraja la tatu, walalahoi wenzetu, hawakuwa na orodha ya majina! Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani hapahapa Bukoba. Ilijulikana kwamba walikuwemo watu 43, na kwamba 19 kati yao walifariki. Orodha ilikuwepo. Kujulikana si kulipwa, lakini asiyejulikana atadai kwa jina gani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mwili wako ndiyo mali yako ya kwanza.

Kwa hiyo kusanya daftari lako. Chukua PF3 polisi na utunze nakala. Omba ripoti ya ajali, ramani ya tukio na ripoti ya ukaguzi wa gari. Tunza kila stakabadhi, kuanzia ya hospitali mpaka ya nauli ya kwenda kliniki. Piga picha ya kidonda na ya mahali pa ajali. Andika majina na simu za mashahidi kabla hawajatawanyika. Mwombe daktari aandike asilimia ya ulemavu wa kudumu. Na andika ulikuwa unapata shilingi ngapi kwa siku kabla ya ajali, kwa sababu mahakama haitabahatisha kipato chako.

Baada ya karatasi kuna saa, na saa ya sheria haisubiri mgonjwa apone. Kesi ya madai ya kuumizwa kwa uzembe ina ukomo wa miaka 3 chini ya sheria ya ukomo ya mwaka 1971. Ukimdai Serikali, kwa mfano umegongwa na gari lake, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90. Na kama umeumia kazini, taarifa ya ajali isipofika kwa mwajiri au kwa Mfuko ndani ya miezi 12, haki yako inapotea. Wapo wanaokupiga danadana, "njoo kesho, njoo wiki ijayo", kwa sababu wanajua saa inakwenda.

Nimetaja Mfuko. Zamani sheria ya kuwalipa wafanyakazi walioumia ilikuwa ile ya mkoloni, Sura ya 263. Kiwango chake cha juu kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Mkoloni aliondoka 1961, lakini sheria yake ikaendelea kupima mikono na miguu yetu mpaka Bunge lilipotunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008. Hata baada ya hapo, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Miaka 7 mlalahoi anasubiri!

Lakini sasa upo, na lazima uujue. Anayechangia ni mwajiri, na ni marufuku kukukata wewe mshahara kwa ajili hiyo. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7. Mfuko unagharamia matibabu, na wakati huwezi kufanya kazi unalipwa asilimia 70 ya mshahara. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi. Aliyekuwa akipata shilingi 600,000 akapata ulemavu kamili, asilimia 70 yake ni 420,000 kila mwezi. Linganisha na ile laki moja na elfu nane ya kulipwa mara moja, kisha kwaheri!

Tajiri atakuambia: "Wewe ni kibarua, huna mkataba." Mwambie sheria inatambua hata mkataba wa mdomo. Lakini nikuambie ukweli, kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri, au mvuvi wa Goziba anayelipwa kwa mgawo wa samaki, atabishiwa kama kweli ni mwajiriwa. Hapo usibishane peke yako. Hapo ndipo unapomhitaji mtu wa sheria.

Utampata wapi nawe huna pesa? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria. Huyu haruhusiwi kukutoza hata senti. Hawezi kusimama mahakamani kama wakili, lakini atakuelekeza, atakusaidia kupanga karatasi na atakupeleka kwa wakili wa msaada. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii ya halmashauri yako, uulize walipo. Shirika la MHOLA limekuwa likitoa msaada wa kisheria mkoani Kagera. Kitaifa kipo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na mawakili wana chama chao cha Tanganyika Law Society. Kama ada ya mahakama inakushinda, sheria ya mwenendo wa kesi za madai inakuruhusu kuomba ufungue kesi kama mtu asiye na uwezo.

Jihadhari na vishoka! Wanazunguka wodini na kwenye korido za mahakama wakijiita mawakili. Anayetaka asilimia ya fidia yako kabla hajakuonyesha kitambulisho, mkimbie. Wakili wa kweli anasajiliwa, na gharama zake mnaziandika kabla ya kuanza.

Sisi wa upinzani tunaambiwa kila siku kwamba tunapinga tu. Hapa hatupingi sheria. Sheria zipo, na Katiba yenyewe katika ibara ya 107A inaziagiza mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa walioathiriwa na makosa ya wengine. Tunachouliza ni hiki: kwa nini askari anayemwandikia majeruhi PF3 asimpe na karatasi ya Kiswahili inayosema una miaka 3, una miezi 12, na msaidizi wa kisheria yuko mahali fulani? Karatasi hiyo inagharimu shilingi ngapi? Muulize diwani wako. Muulize mbunge wako akija kuomba kura. Asipojibu, unajua la kufanya.

Lakini usingoje jibu lake ndipo uanze. Kama una ndugu aliyeumia mwaka jana au mwaka juzi, nenda nyumbani leo, mkae, mhesabu tarehe. Tafuteni PF3 ilipo. Kesho asubuhi mpelekeni kwa msaidizi wa kisheria, na kama hawezi kutembea, mbebeni.