Sabuni za Nyumbani: Aina Zake, Matumizi Yake na Utunzaji Wake katika Duka la Chama

(Mazungumzo na makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mhunze, Wilaya ya Kishapu)



Wenye umri mkubwa wanakumbuka uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati watu walipopanga foleni kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni, na wengine walifua kwa majani ya mpapai. Leo shida si uhaba. Shida ni wingi wa aina, na watu kutojua ipi ni ya kazi gani, na ipi yaweza kumwua mtoto.

Aina ya kwanza ni sabuni ya mche. Hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta na kostiki soda. Mafuta hayo yaweza kuwa ya mawese, ya nazi, ya mnyama, au ya mbegu za pamba; kwa hiyo mkulima anayeleta pamba yake chamani analeta pia malighafi ya sabuni. Sabuni hii yafaa kwa nguo za pamba na kwa kunawa mikono. Udhaifu wake ni maji magumu, yaani maji yenye chokaa nyingi, kama yalivyo ya baadhi ya visima. Katika maji hayo sabuni hugeuka utando mweupe badala ya kutoa povu. Kupima ni rahisi: jaza chupa nusu kwa maji, tia vipande vidogo vya sabuni, tikisa. Povu likikaa, maji ni laini. Likitoweka upesi na maji yakafanya ukungu, ni magumu. Hapo tumia maji ya mvua, au tia magadi kidogo katika maji ya kufulia.

Aina ya pili ni sabuni ya unga. Ijapokuwa huitwa sabuni, nyingi hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na petroli, na zilienea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili. Hufanya kazi hata katika maji magumu, na huondoa vema grisi, jasho na udongo mweusi wa mbugani. Lakini huondoa pia mafuta ya ngozi, na mikono hupasuka. Isitumiwe kuogea, na nguo za mtoto mchanga zisuuzwe mara nyingi. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ni ndugu yake.

Aina ya tatu ni maji ya kung'arisha, ambayo wengi huyaita Jik. Hayo si sabuni. Kazi yake ni kuondoa madoa katika nguo nyeupe na kuua vijidudu. Hupoteza nguvu yakikaa muda mrefu juani, kwa hiyo chama kisiagize ya kukaa mwaka mzima. Yasichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, siki wala ndimu, kwani hutoa hewa yenye sumu. Kadhalika yasimwagwe katika chombo chenye mkojo.

Aina ya nne ni kostiki soda, inayonunuliwa na vikundi vya kina mama vinavyotengeneza sabuni. Hii huunguza ngozi na macho. Kostiki hutiwa katika maji. Maji yasimwagwe juu ya kostiki, kwani mchanganyiko hufoka. Isiwekwe katika sufuria ya alumini, maana huila. Ikiingia machoni, yaoshwe mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua robo saa, kisha mgonjwa apelekwe hospitali.

Sasa lipo jambo lililo kubwa kuliko yote. Katika maduka mengi, bidhaa za maji hununuliwa kwa dumu na kupimwa katika chupa tupu za soda au za maji ya kunywa. Mtoto anarudi kutoka shambani na kiu, anaiona chupa anayoijua, anakunywa. Kostiki huunguza koo lake kwa dakika chache, na kovu lake laweza kumzuia kumeza chakula maisha yake yote. Akipatwa na balaa hilo asitapishwe, kwani dawa itaunguza mara ya pili ikipanda. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali upesi, na chupa ichukuliwe ili mganga aione.

Basi kila chama kiamue katika mkutano wake mambo haya: kostiki, maji ya kung'arisha na asidi visiuzwe katika chupa ya kinywaji, kila chombo kiwe na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, bidhaa hizo zikae mbali na unga, chumvi na sukari, wala zisiuzwe kwa mtoto aliyetumwa dukani. Bidhaa za viwandani zikaguliwe kama zina alama ya Shirika la Viwango Tanzania.

Kwa makatibu, neno moja la hesabu. Mche mbichi una maji mengi. Ukikaa ghalani hukauka na kupungua uzito. Katibu aliyepokea kwa kilo na kuuza kwa kilo ataonekana na upungufu ambao hakuula. Aandike idadi ya miche na uzito wake siku ya kupokea, auze kwa mche au kipande, na atoe kwanza mzigo uliotangulia.

Mwisho, nguo zilizovaliwa wakati wa kunyunyizia pamba dawa zifuliwe peke yake, kwa sabuni ya unga, katika beseni lisilotumika kwa chakula. Zisifuliwe lamboni, ambako watu huchota na ng'ombe hunywa. Maji yake yamwagwe mbali na kisima.

Ndugu Wanachama, duka la chama ni mali yenu, na watoto wanaotumwa pale ni wenu. Tahadhari kabla ya hatari.