Kijana Wako Anamwambia Nani?

Ndugu wanakisomo wa Mkwaja,

Leo hatutasoma habari za mbolea wala nyavu. Tutazungumza habari za vijana wetu.

Mnaikumbuka Machi 2020. Tarehe 16 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, kule Arusha. Kesho yake shule zikaanza kufungwa. Tukaweka ndoo za maji na sabuni milangoni, hata mtoto mdogo akajua kunawa. Hilo tulilifanya vizuri. Lakini moyo wa kijana, nani aliuuliza?

Kidato cha sita walirudi shuleni tarehe 1 Juni. Wengine walingoja mpaka tarehe 29 Juni. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu. Masomo yalitolewa redioni, sawa, lakini nyumba ngapi zilikuwa na betri? Kijana wa miaka 14 alikaa nyumbani akisikia wakubwa wakihesabu waliokufa nchi za mbali. Akajiuliza: Bibi yangu atakufa? Shule itafunguliwa, au ndiyo basi, nitaozwa?

Tulimjua mvulana mmoja, jina hatulitaji. Alipenda mpira sana. Shule zilipofungwa aliuacha, akaacha na kula na wenzake. Usiku macho, mchana kutwa amelala. Nyumbani wakasema mvivu. Jirani akasema ana jini. Sisi tuliosomea ualimu tulipita pale mara mbili, tukasalimia kwa mbali, tukaenda zetu. Tulisema ni utoto, utakwisha. Tulikosea.

Aliyemsaidia ni mjomba wake, mvuvi asiye na cheti chochote. Hakumhutubia. Alimpa wavu uliotoboka, wakakaa chini ya mwembe wakishona. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya nne kijana akasema, "Mjomba, mimi silali. Naogopa nitaleta maradhi nyumbani, nimwue bibi." Mjomba akaweka sindano chini, akasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Kisha wakaenda pamoja kumwuliza mganga wa zahanati. Haikuwa dawa ya siku moja, lakini usingizi ulirudi kidogo kidogo.

Jamani, ugonjwa wa moyo na mawazo si wazimu tu wa kuokota makopo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, watu wenye wasiwasi mkubwa na huzuni nzito waliongezeka kwa asilimia 25 duniani. Yaani palipokuwa na watu wanne, sasa wako watano. Na vijana waliumia zaidi.

Sisi watu wa pwani tulikuwa na njia zetu. Binti alikuwa na somo wake. Mvulana alikuwa na mjomba au babu. Lile asiloweza kumwambia mama alilipeleka huko. Wakati wa korona tuliambiwa tusikusanyike, na ilikuwa haki. Kosa letu ni kwamba tulipoacha kukusanyika tuliacha na kuulizana hali. Mtu anaweza kusimama uani, mbali kidogo, akauliza.

Basi, mtazame kijana. Akijitenga, akikosa usingizi, akiwa na hasira asizokuwa nazo, akiacha alichokipenda, na hali hiyo ikachukua wiki mbili, usimchape. Fimbo haitoi huzuni. Mpe kazi ndogo mfanye pamoja, kupepeta mchele au kuanika dagaa, kisha nyamaza wewe. Akisema amechoka kuishi, mwulize wazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Usimwache peke yake. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Pia iko simu ya watoto, namba 116, haina malipo.

Maradhi ya kuambukiza hayajaisha. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitokea Kagera, na Januari 2025 ukatokea tena huko huko. Siku moja shule zaweza kufungwa tena.

Kwa hiyo, kazi ya nyumbani ni hii. Kipindi kijacho kila mmoja aje ameandika jina moja daftarini: kijana wako akiwa na jambo zito, anamwambia nani? Mwulizeni mwenyewe. Msimjibie.