Usitukane Wakunga na Uzazi Ungalipo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi letu)



Katibu aliponiomba nisimame mbele yenu jioni hii, nilidhani mwataka habari za mishahara na likizo, maana hayo ndiyo tuyanenayo kila tukutanapo. Lakini nimeona heri ninene habari za kazi isiyo yetu, nayo ni kazi ya ukunga, jinsi ilivyogeuka pamoja na watu inaowahudumia. Mimi si mganga, ni karani tu. Nitawaeleza niliyoyasoma, na moja nililoliona kwa macho yangu.

Wahenga walinena, Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mkunga wa methali hii twamjua sote. Alikuwa mtu mzima, aliyekwisha kuzaa mwenyewe, aliyejifunza kwa kusimama nyuma ya mama yake au shangazi yake. Hakuwa na cheti wala mshahara. Alipewa kuku au kipande cha nguo, akashukuru. Mzazi aliposhikwa na uchungu, mkunga aliketi naye tangu mwanzo hata mwisho, akamsugua mgongo, akamnywesha uji, akamtia moyo. Elimu yake ilikuwa katika mikono yake, na heshima yake katika umri wake. Lakini tuseme kweli yote: damu ilipomwagika bila kukoma, au mtoto alipolala kingamo tumboni, hakuwa na silaha. Mama wengi walikufa, watu wakasema ni amri ya Mungu.

Wala msidhani hayo yalikuwa kwetu tu. Huko Uingereza, zamani, mkunga wa maskini alikuwa jirani mwenye umri. Sheria ya mwaka 1902 ndiyo iliyoanzisha daftari la wakunga, na tangu mwaka 1910 mwanamke asiye na cheti alikatazwa kuifanya kazi hiyo kwa malipo pasipo kusimamiwa na daktari.

Karibu yetu, katika Uganda, Daktari Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, na mwaka 1921 yeye na mkewe, Bibi Katharine, wakawa na shule ya kuwafundisha wakunga. Hapo alizaliwa mkunga wa namna mpya: msichana kijana, ajuaye kusoma, aandikaye katika daftari. Jambo hilo lilikuwa geni, kwa maana katika makabila mengi chumba cha uzazi hakikuingiwa na msichana asiyezaa. Tena, msichana asomaye angalipatikana wapi pasipo shule? Shule ya wasichana ya Gayaza ilikuwa imefunguliwa mwaka 1905. Basi shule ilitangulia, mkunga akafuata. Hii ndiyo kanuni nitakayo mwitie moyoni: kazi ya namna hii haigeuki peke yake, watu hugeuka kwanza, nayo huwafuata.

Kwetu Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati zilijengwa vijijini. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, yakakubaliana kwamba afya ianzie pale watu wakaapo. Hata wakunga wa jadi wakaitwa na kufundishwa usafi na dalili za hatari. Kisha mwaka 1987 ukawako mkutano mkubwa Nairobi, juu ya uzazi salama. Miaka ilivyopita, ilionekana wazi ya kuwa mafunzo hayo peke yake hayatoshi: damu haizuiwi kwa usafi, yataka dawa, yataka damu ya kuongezwa, na pengine kisu cha mpasuaji. Kwa hiyo mama wakahimizwa waende kuzalia hospitali au zahanati. Na barabara zilipofunguka, na mabinti waliosoma walipokuwa wengi, walikwenda. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa watoto 63 katika kila 100 walizaliwa huko. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 81. Vifo vya mama vilikadiriwa 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, kisha 104. Nani asiyefurahi kwa hesabu hiyo?

Mkunga wa leo, basi, amesoma, ameandikishwa kwa sheria ya mwaka 2010, na pengine ni mwanamume. Tena amekuwa ndugu yetu sisi makarani, maana anayo karatasi. Mwaka 1972 wataalamu wawili, Philpott na Castle, waliokuwa Salisbury, mji ambao leo ni Harare, walitangaza namna ya kuchora mwendo wa uchungu katika karatasi. Mkunga apima jinsi mlango wa uzazi unavyofunguka, akatia alama saa kwa saa. Mstari mmoja ni wa tahadhari. Wa pili, ulio saa nne mbele yake, ni wa kutenda. Alama ikivuka wa kwanza, mkunga aliye mbali na daktari ajua ya kuwa yampasa kumpeleka mzazi hospitali kubwa kabla hatari haijafika. Karatasi hiyo huitwa patografu. Ni uandishi uokoao roho.

Sasa nifike kwa lile nililoliona. Mke wangu alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, nilisema kwa kinywa kipana mbele ya rafiki zangu kwamba mwanamume hatamzalisha mke wangu. Siku ilipofika tulikwenda hospitali, ambayo sitaitaja. Mama mkwe wangu alizuiwa mlangoni, mke wangu akaingia peke yake. Mkunga wa zamu alikuwa mmoja, na wazazi walikuwa wengi. Simlaumu kwa hilo. Lakini mke wangu alikaa saa nyingi pasipo mtu wa kumshika mkono, na alipoita alikemewa.

Usiku zamu ilibadilika. Mtoto alitoka amechoka, hakulia. Kijana mmoja mwanamume, mkunga wa zamu ile mpya, alimfuta, akamtia pumzi kwa mfuko na kifuniko cha uso, wala hakuacha hata mtoto akalia. Mtoto huyo leo yu darasa la pili.

Asubuhi nilipewa faili nilipeleke chumba kingine. Patografu ilikuwa juu. Nikaona alama zote za mchana zimeandikwa kwa wino mmoja, mkono mmoja, mlalo mmoja, kana kwamba saa zote zilipita kwa dakika moja. Mabwana, niliitambua dhambi ile, kwa kuwa nimeitenda. Ni nani kati yetu asiyejaza daftari la siku thelathini katika jioni ya mwisho wa mwezi? Lakini daftari letu likidanganya, fedha hupotea. Lake likidanganya, mtoto halii.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya kumhudumia mzazi. Yasema awe na mwenzake amtakaye tangu mwanzo wa uchungu. Asemeshwe kwa heshima. Aruhusiwe kutembea, na kukaa jinsi apendavyo. Tazameni, hayo ndiyo aliyoyajua bibi yule mzee wa kijijini! Ukunga ulipohamia hospitali ulichukua dawa na karatasi, ukasahau kigoda cha kuketi kando ya mzazi. Sasa warudi kukitafuta, na watakaourudisha ni watu wenyewe, yaani mimi na ninyi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aende kliniki na mkewe, na kuuliza mapema, kwa adabu, kama mwenzake ataruhusiwa kuingia. Pili, tawi letu lifikirie kuweka akiba kidogo ya nauli, ili mzazi asikae nyumbani akisubiri mwisho wa mwezi. Tatu, tuandike kweli katika madaftari yetu, ndipo tutakapokuwa na uso wa kuwataka wakunga waandike kweli katika yao.

Nami, mbele yenu wote, nayarudisha maneno yangu ya kinywa kipana. Kijana yule nilikwisha kumwomba radhi. Alicheka, akaniuliza mtoto ajambo.