Mnara wa Taa wa Mti na Asili Yake

(Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa Sikukuu ya Miaka Kumi)



Nimeagizwa na Halmashauri niseme machache juu ya kitu kile kilichosimama mezani, ambacho tangu asubuhi kimeulizwa habari zake na watu wengi kuliko walioulizia hesabu za mwaka. Wako waliosema ni kinu. Mzee mmoja amesema ni mnara wa msikiti uliopotelewa na msikiti wake. Ni mfano wa mnara wa taa, umefanywa kwa mninga na maseremala wa chama chetu cha msingi, ambao huuza mifano ya namna hiyo kwa wageni. Imeulizwa pia, tena kwa ukali kidogo, kwa nini wakulima wa nazi na korosho wajishughulishe na mnara wa Uingereza, hali sisi tunao wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904. Swali hilo ni halali, nami nitalijibu.

Kusini mwa mji wa Plymouth, mwendo wa kilometa 20 hivi baharini, uko mwamba uitwao Eddystone. Maji yakijaa hauonekani ila povu. Zamani merikebu nyingi zilivunjika hapo, na wengine kwa kuuogopa walipita mbali mno hata wakaangukia miamba ya Ufaransa. Katika mwaka 1696 mtu mmoja, jina lake Henry Winstanley, alianza kujenga mnara juu yake, wa mti kwa sehemu kubwa. Zamani hizo Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani. Mwaka 1697 manowari ya Kifaransa ikamkamata kazini mwake, lakini Mfalme Louis wa 14 akaamuru arudishwe. Taa ikawashwa Novemba 1698. Winstanley aliupenda mno mnara wake, akausifu kupita kiasi, na watu husimulia kwamba alitamani awemo ndani siku itakapovuma tufani kuu kuliko zote. Tufani hiyo ilikuja usiku wa tarehe 26 Novemba 1703, naye alikuwamo akifanya matengenezo. Kulipokucha hapakuwa na mnara wala mtu. Baada ya siku chache tu, merikebu iliyopakia tumbaku kutoka Virginia iligonga mwamba ule usio na taa.

Hapa ndipo naomba masikio ya wakulima. Mnara wa pili ulijengwa kwa fedha za nani? Nahodha mmoja, Lovett, alikodi mwamba kwa miaka 99, na Bunge likampa ruhusa ya kutoza merikebu zipitazo peni moja kwa kila tani. Ushuru ulikusanywa bandarini, kwa sababu taa haiwezi kumchagulia mtu: humwangaza aliyelipa na asiyelipa. Wataalamu wa uchumi walizoea kuutaja mnara wa taa kuwa ni kitu kisichoweza kuwekwa ila na Serikali. Mwaka 1974 Ronald Coase aliandika kuonyesha kwamba katika Uingereza mambo hayakuwa hivyo: watu binafsi walijenga, na wenye merikebu wakalipa. Mwaka 1836 Bunge liliamua minara yote ya watu binafsi iwekwe chini ya shirika la Trinity House, walakini ushuru wa taa haukufutwa. Hata leo merikebu huulipa huko.

Mchana huu, Bwana Mwenyekiti, tutapiga kura juu ya makato ya ghala. Nimesikia hoja ya wanaoyapinga, nayo si ya kipuuzi. Wasema jirani asiye mwanachama huuza korosho zake kwa bei iliyopatikana kwa ghala letu na mizani yetu, wala hakatwi hata senti. Ni kweli. Sina dawa ya jirani huyo. Lakini nataka mtoaji hoja atuambie, makato yakiondolewa, paa la ghala litaezekwa na nani kabla ya masika.

Narudi kwenye mti. Mnara wa pili, kazi ya John Rudyerd, mfanya biashara ya hariri aliyesaidiwa na mafundi wa merikebu, ulitimia mwaka 1709. Ulisimama karibu miaka 50, na huo si umri haba kwa mti katika bahari ile. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1755 ulishika moto katika chumba cha taa. Mlinzi, Henry Hall, mzee wa miaka 94, alikuwa akirusha maji juu kwa ndoo, na risasi ya paa iliyoyeyuka ikamdondokea kinywani. Alisema ameimeza, hakuna aliyemsadiki. Alipokufa siku chache baadaye, tabibu alitoa tumboni mwake kipande cha risasi cha gramu 200 hivi. Kipande hicho kimehifadhiwa Edinburgh.

Mnara wa tatu ndio huu wa mezani. John Smeaton, aliyeanza maisha kwa kutengeneza vyombo vya kupimia, alichonga kwanza mifano kwa mikono yake mwenyewe, asijenge kwa kukisia. Umbo alilitwaa katika shina la mwaloni: nene chini, likijikunja kwa ulaini kwenda juu. Mawe yalikatwa yashikane kama ulimi na tundu, yakapangwa kwanza nchi kavu ili yapimwe, ndipo yakachukuliwa baharini. Chokaa yake iliganda hata ndani ya maji. Taa iliwashwa tarehe 16 Oktoba 1759, mishumaa 24. Zaidi ya miaka 100 baadaye ilionekana kwamba mnara ni mzima, bali mwamba chini yake unaliwa na bahari. Ukajengwa mwingine mwaka 1882, na sehemu ya juu ya ule wa zamani ikahamishiwa Plymouth kwa michango ya watu, ambako ipo hata leo.

Basi maseremala wetu waliuchagua kwa umbo lake. Mnara wa kweli ulikuwa na kimo cha meta 22, na upana wa meta 8 chini. Mfano una sentimeta 44 kwa 16. Mnunuzi mmoja ametaka ufanywe mnyoofu kama bomba, kwa kuwa kukereza bomba ni kazi ya saa moja, na bei aliyotaja si mbaya. Maseremala wamekataa, na Halmashauri imewaunga mkono, ingawa Mtunza Fedha aliguna.

Mfano huu utawekwa ofisini. Unafunguka vipande vitatu; anayetaka kuona ulimi na tundu amwombe fundi aufungue, asiupinde kwa nguvu. Sasa nampisha Bwana Mwenyekiti kwa shauri la makato.